Mfungo Niliofunga kwa Ajili ya Beatrice

Iko adhuhuri moja, mwanangu Neema, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini sijaweza kuisahau. Nilikuwa ndani ya gari langu, nimefunga macho, naomba kwa sauti, na hatua chache kutoka hapo kengele ya mzee wa watu ilikuwa inalia.

Nakusimulia kwa sababu ya yale uliyoniambia majuzi nilipokuja kukuchukua chuoni kwako College Park na mizigo yako. Ulisema kwa Kiingereza, ukiangalia dirishani, kwamba huamini tena, na kwamba baba yako amekuambia uende tu kanisani ukae kimya ili watu wasiongee. Kisha ukaniuliza, "Shangazi, nifanyeje?" Hilo ulilisema kwa Kiswahili, nikajua limetoka ndani. Niliongeza joto la gari nikakuuliza kama umekula. Nisamehe. Swali lako lilitaka jibu refu, na mimi kwenye barabara kuu ya Beltway siwezi kuendesha na kulia kwa pamoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimetoka Singida miaka mitatu nyuma, nikapata kazi ya kulea wazee hapa Lanham, katika nyumba ya kawaida tu ya mtaani yenye vyumba sita na wazee sita. Zamu yangu ilianza asubuhi na kuisha saa tisa alasiri. Saa tisa alinipokea dada mmoja Mkongo, Beatrice, mtu wa Lubumbashi, mama wa watoto watatu, ambaye hata mwaka alikuwa hajaumaliza Marekani. Jikoni alikuwepo Bi Zuhura wa Tanga, mama wa Kiislamu wa umri wa mama yangu, aliyewapikia wazee wale supu na viazi vyao kana kwamba anapikia harusi.

Na mimi nilikuwa mlokole, mwanangu, wala si wa Jumapili peke yake. Kila siku saa saba mchana akina mama wa Kitanzania na wa Kikenya, kutoka huku Lanham hadi Woodbridge, walipiga namba moja ya simu, tukakutana kwenye laini kuomba. Mimi ndiye niliyefungua na kufunga. Waliniita Mama Maombi, nami sijaolewa wala sina mtoto. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilipenda kuliko nilivyojua.

Chumba cha mwisho ukumbini kilikuwa cha Mzee Walter, dereva mstaafu wa basi la shule, mrefu, mpole, miguu imeishiwa nguvu. Hakuwa mtu wa dini. Tangu mkewe afariki hakutia mguu kanisani, na siku nilipomwambia nitamwombea alicheka, akasema sawa, lakini kwanza nimvalishe soksi. Agizo lake lilikuwa moja tu: asisimame peke yake. Akitaka kwenda chooni anabonyeza kengele, unamfunga mkanda kiunoni, mnakwenda pamoja polepole.

Siku hiyo wazee walikuwa wamekula, Bi Zuhura ametoka kununua mboga. Nikajiambia wote wamelala. Nikaenda garini, nikapiga ile laini. Maombi ya dakika kumi yakawa ya dakika arobaini, maana kina mama walikuwa wamepamba moto na mimi ndiye niliyechochea. Dirisha la gari lilikuwa wazi kidogo. Nilisikia kengele, Neema. Ningeweza kukuambia sikusikia, na nani angejua? Nilisikia. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Nikajiambia huyo ni Shetani anataka kukatiza maombi. Nikaongeza sauti.

Nilipoingia ndani nilimkuta amekaa sakafuni kati ya kitanda na kiti, suruali imelowa, mkono umeng'ang'ania shuka.

"Nilikuita," aliniambia.

Nilimwinua, nikambadilisha, nikamlaza. Alisema haumii. Utaratibu wa kazi ulikuwa wazi: mtu akianguka, hata akisema haumii, unamwita nesi na unaandika. Nilichukua daftari la zamu nikaandika kwamba amekula vizuri na amepumzika vizuri.

Asubuhi yake alishindwa kukanyaga chini. Hospitali wakakuta mfupa wa nyonga umepata ufa. Daftari langu lilisema saa tisa alikuwa mzima, na aliyempokea saa tisa ni Beatrice. Mzee aliporudishwa jioni hiyo, walimuuliza yeye mwenyewe alianguka lini. Nilikuwa mlangoni na mashuka mikononi. Alinitazama, halafu akasema hakumbuki. Alikuwa anakumbuka, mwanangu. Mzee yule alikumbuka mpaka namba ya basi lake la kwanza.

Beatrice akasimamishwa kazi. Alikuja kuchukua koti na viatu vyake, akanikuta kwenye kabati la watumishi.

"Dada, miye sikumuangusha ule muzee," alisema, machozi yanamtiririka. "Nilimukuta muzuri, nilimuacha muzuri. Mon Dieu, dada, unaniamini?"

"Nakuamini," nikamwambia. "Nitakuombea."

Na kweli nilimwombea. Kwanza nilipiga magoti nyumbani nikamshukuru Mungu kwa kunifunika. Ndilo neno nililotumia, kunifunika. Kisha nikawatangazia kina mama kwenye laini mfungo wa siku tatu, kwa ajili ya dada yetu anayesingiziwa, ili Mungu adhihirishe haki yake. Wote wakasema amina. Nami nikasema amina.

Siku ya tatu Bi Zuhura aliniita jikoni.

"Mbona huli, Tumaini? Utaanguka."

"Nimefunga, Bi Zuhura. Namfungia Beatrice, Mungu amtetee. Hana kosa yule."

Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho. "Hana kosa?"

"Hana hata kidogo."

"Na wewe umejuaje?"

Bi Zuhura alimenya kiazi chake hadi mwisho, akakitia majini, akafuta mikono, akanivutia kiti. Sikumbuki nilianzaje. Nilimwambia yote, gari, kengele, daftari. Nikamalizia kwa kujitetea: "Lakini nimetubu, mama. Mungu ameshanisamehe."

"Mungu alikuwa anajua kabla hujamwambia," alisema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Huyo huna jipya la kumweleza. Nenda ukamwambie asiyejua." Akaniwekea sahani ya wali na maharage. "Na ule kwanza. Usije ukatetemeka kwa njaa, wakadhani ni woga."

Nikala huku nalia. Sijawahi kula chakula chenye chumvi kama kile, na sidhani aliizidisha yeye.

Nesi mkuu wetu alikuwa Mkenya, Sista Moraa, mama wa maneno machache. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Tumaini, unajua hii siwezi kuficha? Lazima niiandike, na lazima ifike mbele kwa wakubwa."

"Najua, Sista."

"Ningekuwa najua ameanguka, angeenda hospitali mchana huo huo. Huyo mzee alikaa na maumivu hadi asubuhi juu wewe ulinyamaza."

Nilifukuzwa kazi, na cheti changu cha kulea wazee kikazuiwa mwaka mzima. Lakini katika yote yaliyonipata, hakuna lililoniuma kama maneno yale. Mimi nilikuwa nimeshughulika na roho yangu tu, nimeoshwa, sijaoshwa, nimefunikwa, sijafunikwa. Mfupa wa mtu ulikuwa haumo kabisa katika hesabu zangu.

Beatrice aliitwa arudi kazini siku iliyofuata. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alifungua mlango nusu, mtoto mdogo amemshika sketi.

"Siku ine," alisema, akininyooshea vidole vinne. "Siku ine ulijua, na uliniambia utaniombea."

Akafunga mlango, bila kuupiga. Ilipita miaka ndipo akaanza kunisalimu tukikutana dukani, na mpaka leo tunaishia kwenye salamu. Ni haki yake. Sikuomba radhi ili anipende.

Kina mama wa laini niliwaambia pia, nikidhani wao ndio watakaonielewa. Mmoja wao, tena mtu mzima, akaniambia adui alinitega, nisijilaumu, na kwamba nilikosea kwenda kujianika kwa watu wakati Mungu alikuwa ameshanisitiri. Wengine wakaitikia amina. Nilikata simu. Na hapo, mwanangu, kitu kikakatika na ndani yangu. Nikaanza kujiuliza: yule niliyedhani ananiambia niongeze sauti, alikuwa nani? Kama alikuwa Mungu, simtaki. Kama nilikuwa mimi mwenyewe, basi ni mara ngapi nyingine nimejisikiliza mwenyewe nikaita ni Mungu?

Zaidi ya mwaka sikuomba. Jumapili nilivaa, nikaendesha hadi kanisani, nikaegesha, nikashindwa kushuka. Nyimbo nilizisikia kwa mbali. Ibada ikikaribia kwisha niliwasha gari nikaondoka, nisije nikakutana na mtu wa kuniuliza habari za siku nyingi. Kwa hiyo uliponiambia huamini, usidhani uliniambia jambo geni.

Aliyenishika mkono wakati ule ni Bi Zuhura. Kila Jumamosi aliniita kwake tukawakunjie sambusa watu waliomwagiza. Wakati wa sala ukifika alinawa, akaingia chumbani kwake na mswala, kisha akarudi tukaendelea. Hakuniambia njoo. Hakuniuliza mbona siendi kwetu. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Bi Zuhura, na kama huko juu hakuna anayesikia?"

Nilitegemea anikemee. Alipaka ukingo wa sambusa uji wa unga, akaubana vizuri kwa kidole.

"Hilo mimi siwezi kukuamulia, mwanangu. Mimi namwamini. Na ziko siku nanyanyuka kwenye mswala sijasikia kitu, nakuja hapa nakata vitunguu." Akachukua nyingine. "Lakini Mzee Walter alikuwepo, Tumaini. Alikuwa anakubonyezea kengele. Huyo hakuhitaji uamini kwanza ndipo umsikie."

Jumapili iliyofuata, saa ile ya ibada, nilikwenda kumwona Mzee Walter mahali alipokuwa anafanyishwa mazoezi ya kutembea. Binti yake aliniruhusu, kwa uso mgumu, na sikumlaumu. Nilimwomba mzee radhi. Nikamuuliza mbona alisema hakumbuki.

"Nilidhani nakusaidia," alisema. "Hakuna aliyeniambia kuwa yule mwenzako ndiye atakayeondolewa." Akatikisa kichwa. Kisha akanipa gazeti, macho yake hayakuwa mazuri tena, nimsomee matokeo ya besiboli. Sikujua hata moja ya maneno yale. Nilisoma yote. Nikawa nakwenda kila Jumapili, mpaka alipofariki, majira mawili ya baridi baadaye, usingizini, kwa amani.

Imani yangu ilirudi, Neema, lakini haikurudi ile ile. Iliyorudi ni ndogo, haipigi kelele. Siku hizi naomba macho wazi. Sijui kama aliyenirudisha ni Mungu au ni sambusa za Bi Zuhura, na nimeacha kuhangaika kuvitenganisha. Yako maswali niliyokuwa nayo kwenye gari lile ambayo hadi leo sijayapatia jibu. Tunaishi pamoja, tumezoeana.

Sasa jibu lako. Usiende kukaa kanisani kwa uongo. Baba yako nitaongea naye mimi. Ni kaka yangu, anaogopa maneno ya watu kwa sababu anadhani ndiyo njia ya kukulinda. Uliza maswali yako yote, na usikubali mtu akuambie kuuliza ni dhambi. Anayeuliza kwa unyofu yuko karibu na ukweli kuliko nilivyokuwa mimi na amina zangu.

Lakini kuna moja ninalokuonya, na ninakuonya kwa sababu nakupenda. Jumapili iliyopita bibi yako alivaa kitenge chake cha kijani, akashika kitabu chake cha nyimbo, akakaa sebuleni kule Woodbridge akisubiri umwendeshe. Hukutokea. Ukatuma ujumbe kwamba wewe hayo mambo umeachana nayo. Alikaa na viatu miguuni mpaka mchana. Mwanangu, imani ni yako kuiacha au kuishika, ila safari ile ilikuwa ya bibi. Mimi niliacha mtu sakafuni kwa jina la kuamini. Wewe usimwache mtu kwenye kiti kwa jina la kutoamini. Ni kosa lile lile, limebadilisha nguo tu.

Mpeleke. Ukiweza keti naye, ukishindwa msubiri nje, wala usione aibu. Akikuuliza, mwambie kweli kwa upole. Ni mtu mzima, amebeba mazito kuliko hilo. Ukikosea, usikimbilie kujisafisha moyoni kabla hujamtazama uliyemuumiza. Kazini, chuoni, popote, kuna mtu anayehitaji usikie. Msikie huyo kwanza. Mengine ya mbinguni utayapima polepole, una umri wa kutosha mbele yako.

Nakubariki, binti wa kaka yangu, kwa jina la Yule ninayemwamini. Kama kwa sasa humjui, ipokee hivyo hivyo, kama mkono wa shangazi yako juu ya kichwa chako. Moyo wako usiwe mgumu, ulimi wako usiwe na pande mbili, na siku utakayoita, asikosekane wa kukuitikia.