Ni Gari Linalotetemeka, Si Mimi

Mwanamke nisiyemjua aliingia uani kwetu asubuhi, akanipita mimi niliyekuwa nafua, akaenda moja kwa moja kwa Shangazi na kuweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa.

"Hebu liwashe," akasema.

Nikabaki na shati linachuruzika maji mkononi. Watu huingia nyumba za watu na salamu jamani, si na amri za kuwasha magari.

Shangazi ni gari la baba. Ni gari la spoti la zamani, dogo, milango miwili, pua ndefu, tumbo karibu liguse ardhi, na umri wake unanizidi. Baba alimpa jina hilo kwa sababu hapandi mlima bila kulalamika.

"Samahani dada, wewe nani?"

"Nesi wa zahanati. Mzee alikuja kwetu kwa ajili ya goti, mimi nikaona mikono. Inatetemeka. Nikamwambia asiendeshe mpaka daktari amwone. Akanijibu ni gari linalotetemeka, si yeye. Eti mtetemo unambakia mikononi kama harufu ya kitunguu. Hajarudi tena. Sasa nimekuja kulisikiliza hilo gari."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Kwa sababu nyumbani tulikuwa tunajua, ila hakuna aliyethubutu kulitamka. Majuzi tu baba alikuwa amegonga nguzo ya geti. Akasema aliyeijenga hakuwa na vipimo. Nguzo ile aliijenga mwenyewe.

Tangu siku hiyo mama akawa anakwenda kila mahali kwa miguu. Ukimuuliza, anasema anapunguza mwili.

Na si kwamba tulimwogopa baba. Tulimwonea huruma. Alikuwa mwalimu wa udereva. Maisha yake yote ya kazi alikaa kiti cha pembeni, akiwatazama wengine wakishika usukani. Shangazi ndilo gari pekee ambalo lilikuwa na nafasi yake yeye kama dereva.

Utaanzaje kumwambia mtu kama huyo ashuke?

Mimi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi, na kichwa changu kimejaa imani kwamba kitu kikitengenezwa kwa moyo lazima kipone.

Baba akatoka na kikombe cha chai. Nusu kikombe. Siku hizo hakukijaza.

"Ehee, nesi! Umenifuata mpaka kwangu? Goti limepona bwana."

"Sikufuata goti, mzee wangu."

Baba hakubishana. Akaingia garini, akawasha. Shangazi akatetemeka kweli! Kioo cha pembeni kikacheza, milango ikagongana na fremu zake, paka akakimbia.

"Umeona?" Baba alishuka kama mtu aliyeshinda kesi. "Maunting zimekufa. Zile raba zinazobeba injini. Zikichoka, injini inautikisa mwili mzima wa gari, na dereva naye anatikiswa mpaka meno."

"Basi zibadilishe," nesi akasema kwa upole. "Gari likitulia, na mikono ikitulia, sitakusumbua tena. Lakini je, gari likitulia na mikono ikaendelea?"

Mama alikuwa ameshatokea mlangoni, kitambaa cha vyombo begani.

"Ikiendelea, nitampa huyu ufunguo," baba akaninyooshea kidevu, "na nitakuja mwenyewe kwa huyo daktari wenu. Na shahidi ni huyuhuyu binti yangu. Hajui kudanganya. Akijaribu tu, masikio yanamuwaka."

Nesi akanigeukia. "Unaahidi utasema utakachokiona?"

"Naahidi."

Lilinitoka kirahisi, kama mtu anavyosema karibu.

*

Jumamosi tukaanza kazi. Tulichomoa waya wa betri, tukaweka jeki chini ya injini na kipande cha ubao katikati ili chuma kisibonyeze bakuli la oili. Nikapandisha kidogokidogo mpaka raba zikaacha kubeba uzito.

"Upande mmoja kwanza," baba akaelekeza. "Ukifungua pande zote kwa pamoja injini inahama, na hayo matundu ya bolti utayatafuta mpaka uzeeke."

Nati ya kwanza alitaka kuifungua yeye, akaomba spana.

Ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena.

"Ina mafuta hii," akasema.

Nikaifuta vizuri, nikampa. Ikaanguka, ikateleza mpaka chini ya tairi. Nilijifanya natafuta spana nyingine ili asinione uso.

"Fungua wewe," akasema akitazama ukutani, kisha akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Raba ya zamani ilipotoka, nilipiga kelele. Ilikuwa imepasuka katikati kama soli ya kiatu cha mtembezi!

"Baba! Imekwisha kabisa hii!"

"Nilisema nini mimi?"

"Imekwisha kweli?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Njoo ujionee, mama!"

Mama akaja, akaishika, akaipindapinda, akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kimepotea pale nyumbani. Moyo wangu ukajaa. Nikajiambia, kumbe ni gari! Muda wote huu tumemnyooshea mzee kidole bure.

Nikaweka raba mpya pande zote mbili, nikakaza bolti kwa nguvu zangu zote, nikashusha jeki, nikaurudisha waya wa betri.

Baba akawasha.

Shangazi akatetemeka.

"Bado!" nikaruka. "Baba, bado linatetemeka!"

Nilirukaruka uani na grisi mpaka kwenye nyusi. Jirani yetu kinyozi akachungulia juu ya ukuta.

"Limepona?"

"Halijapona!"

"Sasa mbona shangwe?"

Ningemweleza nini? Kwamba gari likiwa bovu, baba yangu ni mzima?

Baba akazima injini, akajifuta jasho. "Mnaona? Gari ndilo lenye kesi. Tutalitafutia dawa polepole." Akamgeukia mama. "Kesho nakupeleka kwa dada yako. Umetembea kwa miguu vya kutosha."

Mama akamtazama kidogo. "Haya baba. Nitavaa gauni la bluu."

*

Baada ya chakula cha mchana nikaenda kufunga boneti. Nikainama kuzitazama zile raba mpya mara ya mwisho, kwa majivuno tu.

Moja ilikuwa imevutwa upande, kama mdomo wa mtu anayejizuia kulia.

Nikaganda.

Nilikuwa nimekaza bolti injini ikiwa bado inaning'inia juu ya jeki. Ilitakiwa niishushe kwanza bolti zikiwa zimelegea, niiwashe, ijitikise mpaka ipate mahali pake, ndipo nikaze. Mimi niliifunga ikiwa imepinda. Mtetemo ule haukuwa wa Shangazi. Niliutengeneza mimi.

Dawa yake ilikuwa kulegeza na kukaza upya. Rahisi hivyo tu, na ndicho kilichonitisha.

Ningeweza kufunga boneti na kwenda zangu. Gari lingeendelea kutetemeka. Baba angebaki na la kusema, na nyumba ingebaki na kicheko chake.

Mama alinikuta pale pale. Nikamweleza.

Akauliza, "Lazima umwambie leo?"

"Kesho unapanda, mama."

"Najua napanda." Alikuwa anakunja kile kitambaa cha vyombo, anakikunjua, anakikunja tena. "Unadhani sijui? Nimejua tangu nguzo. Nilikuwa naomba tu ziwe raba."

"Niliahidi."

"Basi nenda. Lakini usiongee naye kama daktari."

Baba alikuwa sebuleni, mikono ameibana mapajani. Nilipiga magoti karibu na kiti chake.

"Baba, nimekosea. Nilikaza kabla injini haijakaa. Ndiyo maana bado linatetemeka."

Hakushtuka hata kidogo.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona, mwanangu. Nilikaa pale kwenye ndoo nikakuona unakaza na jeki iko juu. Nikafungua mdomo nikuambie, nikaufunga." Akaitoa mikono mapajani, akaitazama kana kwamba ni ya mgeni. "Maisha yangu yote sijawahi kuona kosa la mwanafunzi nikanyamaza. Leo nimenyamaza. Nilitaka liendelee kuwa gari. Hata kwa siku moja tu."

Niliishika mikono ile.

Yeye ndiye aliyesimama kwanza.

"Lete spana. Jua bado lipo."

Tukalegeza bolti. Tukawasha. Injini ikajitikisa mara kadhaa, kama mtu anayejipangia mahali pa kukaa kwenye mkeka, ikatulia. Tukazima, nikakaza, yeye akikagua kila bolti kwa macho bila kugusa.

Tulipowasha tena, nilidhani injini haijashika. Shangazi alikuwa ananguruma taratibu, kioo cha pembeni kimetulia tuli.

Baba akaingia, akaushika usukani.

Usukani ukaanza kutetemeka.

Akauachia, ukatulia. Akaushika, ukatetemeka. Alirudia hivyo polepole, hana hasira, mpaka mimi mwenyewe nikatamani angalau akasirike.

"Sema," akaniambia bila kunitazama. "Uliahidi."

"Gari limetulia, baba."

"Na mimi?"

Mama alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake.

"Wewe hujatulia, baba."

Akatikisa kichwa kukubali. Akazima injini, akachomoa ufunguo, na kwa kuwa vidole vilimkatalia, akanipa kwa mikono yote miwili.

"Shika upesi, kabla sijabadilisha mawazo."

*

Wewe unayesoma hapa, kama kwenu yuko mzazi ambaye roho yako inaruka kila akichukua ufunguo, usingoje barabara ndiyo imwambie. Mwambie wewe. Itauma, na huenda akakununia. Lakini barabara haijui kuongea kwa upole.

Jumatatu niliendesha mimi. Mama alijikunja kwenye kiti cha nyuma, ambacho si kiti hasa, ni mahali pa kuweka mkoba. Kila tulipofika kona, mguu wa baba ulikanyaga sakafu kutafuta breki isiyokuwepo, lakini mdomo wake haukusema kitu.

Tulipofika zahanati alitaka kubaki garini kidogo. Tukamwacha. Kisha akafungua mlango mwenyewe.

Nesi alikuwa kizingitini.

"Mzee wangu! Gari vipi?"

"Gari limepona," baba akasema. Akainyoosha mikono yote miwili mbele yake, ikitetemeka hadharani, watu kwenye benchi wakitazama. Hakuificha mfukoni. "Nimekuletea hii."