Dawa Uliyomeza, Nani Alikuonjea?

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomtaja shangazi yangu kuwa amenilisha sumu. Nilimtaja kwa mdomo huu unaousikia, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyenishika koo nimtaje. Nitakusimulia yote wala sitajipaka asali. Wapo hapa mjini Baraka wanaosema kwamba mzee yule wa kijiji cha Lweba ana kichaa cha kugombana na wauza vidonge sokoni. Waache waseme. Nimegombana nao juzi, na kesho nikiamka mzima nitagombana nao tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini ng'ambo ya ziwa, tukakuta nyumba zetu zimebaki misingi na majani. Kila mtu alikuwa anajenga, kwa hiyo kila mtu alitaka matofali, nami nikaingia katika kikundi cha vijana waliokuwa wakifyatua matofali kando ya mto. Mama yangu alifia ukimbizini. Aliyenilea ni shangazi Wabiwa, dada wa marehemu baba yangu, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Kila jioni alinipikia bugali, ugali wetu wa muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, na kabla ya kunisogezea sahani alimega tonge, akachovya, akala mbele yangu. Hiyo ndiyo desturi ya kwetu: anayekupa chakula au kinywaji huonja kwanza, ujue hakuna karuho ndani yake. Karuho ni sumu ya polepole, na watu wa mkoa wetu wa Kivu wanaiogopa kuliko risasi. Mimi sikuwahi kumwomba shangazi aonje. Alionja kwa heshima tu.

Kazi ya matofali haina huruma, mwanangu. Unakanyaga udongo tangu alfajiri, unainama, unanyanyuka, unainama tena, na jioni kiuno si chako. Juma la kwanza nililala kifudifudi kama mjusi. Mwenzetu mmoja, fundi wa maneno kuliko wa matofali, akanionea huruma akanipa kidonge.

"Kaka, hii njo dawa ya kazi," akaniambia. "Unameza asubui, mbele ya kuinama. Mugongo haitakusumbua tena."

Nikameza, na sitakudanganya: ile dawa ilifanya kazi. Kabla jua halijapanda sana, mgongo ulinyamaza kabisa. Siku ile nilifyatua matofali kama mtu aliyetumwa na mizimu, na jioni nikatembea kifua mbele kijiji kizima.

Basi nikaifanya mazoea. Asubuhi diklo, yaani diklofenaki, kile kidonge cha kwanza, na tumbo tupu, maana sisi tulikula mara moja kwa siku, jioni. Mchana mgongo ukianza kunong'ona, nameza ibu, yaani ibuprofeni. Siku ya kuchoma tanuru, kichwa kikigonga kwa joto, naongeza aspirini. Nilijiona mjanja kuliko wenzangu, kwa sababu sikuzidisha dawa hata moja. Kila jina nilimeza kidonge kimoja tu. Mwuzaji wa sokoni niliyenunua kwake alikuwa amevipanga kwenye sinia katikati ya sabuni na betri za redio, na hakuwahi kuniuliza kama nimekula, wala kama kuna kingine ninachomeza. Aliuliza tu ninataka vya rangi gani.

Shangazi ndiye aliyekuwa ananifulia, kwa hiyo alikutana na vile vidonge mifukoni. Akaniuliza ni vya nini. Nikamjibu kwa kiburi kwamba ni dawa ya kazi, mambo ya wanaume, na kwamba yeye hawezi kuyajua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi guu lilibaki zima, kilichovunjika kilikuwa kikubwa zaidi.

Baada ya miezi michache tumbo likaanza kuwaka moto, hapa chini ya kifua. Nikaamua kuuzima ule moto kwa lutuku, pombe yetu kali ya muhogo. Akili gani hiyo, hebu niambie. Kisha choo changu kikawa cheusi kama lami, kinanata, na harufu yake sitaisimulia wakati watu wanakula. Sikumwambia mtu. Kijana anayetafuta mchumba atamweleza nani habari za choo chake? Mficha maradhi kilio humfichua, na changu kilikuwa njiani kinakuja.

Asubuhi moja nikaanguka juu ya udongo wa matofali. Wenzangu wakanibeba hadi nyumbani, baridi imenishika na jua linawaka. Jirani akanitazama macho, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu bamemulisha karuho." Neno hilo likishatamkwa kwetu, halitafuti njia, njia inalitafuta. Akaletwa mganga wa kienyeji wa kutapisha sumu, akaninywesha maji ya mizizi. Nikatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, halafu nikatapika damu. Watu wa ukoo waliojaa pale wakafurahi, wakasema sumu inatoka.

Baba mkubwa, kaka mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo. Akapiga magoti kando ya mkeka, akaniuliza, "Nani anakupikiaka?" Nikasema shangazi Wabiwa. "Na chakula yake, haukusikia kitu?" Nikajibu kwamba siku hizi kilikuwa kichungu. Hapo, mwanangu, ndipo nilipomuua kwa maneno. Kila kitu kilikuwa kichungu mdomoni mwangu, hata maji, na nilijua hivyo. Lakini nilikuwa naogopa kufa, na mtu anayeogopa kufa hutafuta wa kufa naye. Nikaongeza bila kuulizwa: "Ni yeye."

Vijana wa ukoo wakachukua fimbo. Unajua wanachofanyiwa wanawake wanaotajwa hivyo: kipigo, hata moto. Mjane, hana mtoto, hana mume wa kusimama mlangoni. Mama mmoja mwenye huruma akakimbia hadi shambani kumwambia shangazi asirudi, apite vichochoroni akimbilie upande wa Lusenda. Shangazi akamshukuru, akaweka jembe begani, akaja moja kwa moja nyumbani.

Akasimama katikati ya uwanja. Nilimwona kutoka pale nilipolala.

"Mi siende fasi yoyote," akasema. "Kama munataka kunichoma, munichome hapa, fasi kaka yangu alizikwa. Lakini kwanza munijibu. Munahesabu bugali yangu. Na ile ingine mutoto alikulaka, nani aliihesabu?"

"Wabiwa, usilete maneno mingi," baba mkubwa akamjibu. "Mutoto mwenyewe amesema."

"Amesema ya ku sahani. Ya ku mufuko hajasema."

Akawapita wale vijana na fimbo zao kana kwamba ni miti ya uzio. Akaingia ndani, akatoka na suruali yangu ya kazi, akaigeuza mifuko mbele ya macho yao. Vidonge vikaanguka chini, vya rangi tatu, vingine vimefungwa kwenye karatasi, vingine vimeshikana na udongo. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa nguoni kweli, na nilikivaa kila siku.

Kisha akainama mpaka uso wake ukakaribia wangu. Hakupaza sauti.

"Chakula yangu nilionja mbele yako kila siku," akasema. "Sasa hii dawa ulimeza, nani alikuonjea?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mganga wa kienyeji akaanza kutafuta kofia yake. Shangazi hakungoja jibu. Aliwaamuru wale wale waliokuja kumpiga wakate miti, wafunge kipoyi, machela yetu ya miti, wanibebe hadi hospitali ya Baraka. Wakatii. Yeye akaviokota vile vidonge, akavirudisha mfukoni, akatangulia mbele, suruali yangu mkononi, na hakumruhusu mtu mwingine kuishika.

Hospitalini nililazwa siku nyingi, nikawekewa damu ya watu nisiowajua. Mwuguzi aliyenitunza aliitwa Mama Sifa, mwanamke mfupi asiyebembeleza mtu. Nilipoanza kuketi, alivipanga vidonge vyangu juu ya shuka.

"Hii, na hii, na hii ni bandugu," akasema. "Ni famille moja, ukoo moja. We uliona majina tatu, ukafikiri ni dawa tatu. Ulikuwa unazidisha dawa ile ile. Na ulikuwa unameza na nini?"

"Na maji."

"Maji haiko chakula. Hii dawa inazima maumivu, lakini inavulisha tumbo koti yake. Tumbo ikibaki wazi, inatoka kidonda, kidonda inatoka damu. Ile choo nyeusi ilikuwa damu yako. Na weye ukaongeza lutuku, ukaenda kutaja jina ya mama wa watu."

Nililia, mwanangu, na siwaombi radhi wanaosema mwanaume halii.

Nilipopona nilitafuta mbuzi, nikampelekea shangazi, nikiongozana na wazee wawili wa kunisemea. Akampokea mbuzi. Akaniambia, "Nimekusamehe, sababu ulikuwa mugonjwa. Lakini chakula ya chungu yangu hautakula tena. Sitaonja mbele ya mutoto wangu kama muntu mwenye kesi." Nikadhani ni hasira itakayopita. Alikaa katika nyumba ile ile hadi Mungu alipomchukua, hakuhama hata hatua moja, na waliomshikia fimbo ndio waliokwepa njia yake. Kila asubuhi aliniuliza tumbo limeamkaje. Nilipooa alimpikia mke wangu, na wanangu walikula mikononi mwake wakashiba. Mimi hakunipikia tena mpaka anakufa. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea miaka mingi.

Sasa wewe unayenisikiliza, unayechimba, unayebeba magunia, unayevuta nyavu, unayeinama kwenye muhogo tangu alfajiri: sikuambii dawa hizi ni adui. Zina kazi yake, na zikitumiwa vizuri zinasaidia. Lakini usiniletee maneno ya dawa ya kazi. Hakuna dawa ya kazi. Kuna dawa ya maumivu, nayo humezwa maumivu yakiwepo, baada ya kula, kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa siku chache. Ukiona siku zinapita na bado unaihitaji, basi mgongo una neno unalotaka kumwambia mganga wa hospitali, na wewe unauziba mdomo. Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na aspirini ni ukoo mmoja. Usiwakaribishe wawili tumboni kwa wakati mmoja, wala usiwachanganye na pombe. Wapo wanaokwepa vidonge wakadungwa sindano ya diklo, wakidhani tumbo limenusurika. Halijanusurika. Sindano nayo hupita kwenye damu na madhara ni yale yale.

Mjamzito asiziguse dawa za ukoo huu bila kuuliza. Mwenye figo mbovu, mwenye presha, mwenye pumu, aliyewahi kuwa na kidonda cha tumbo, aliyepewa aspirini ya moyo na daktari, na sisi wenye mvi, wote waulize kwanza. Aliyeharisha au kutapika mpaka akakauka maji naye aziache, maana figo zake zitaumia. Parasetamoli ni ya ukoo mwingine na tumbo huistahimili zaidi, lakini nayo ina kipimo chake, ukikipita inaharibu ini. Na ukiona choo cheusi kama lami, au umetapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, usimwite mtu wa kukutapisha. Acha hizo dawa, nenda hospitali siku ile ile, na uzibebe zote ulizomeza ukawaonyeshe.

Najua vijana mnanicheka. Mnasema mzee huyu anauliza maswali mengi mbele ya sinia la vidonge, anachelewesha watu. Nitauliza. Hiki ni nini, kinaisha muda wake lini, kinagombana na nini. Mwuzaji asiye na jibu nitamwambia mbele ya wateja wake kwamba hana jibu, na akasirike mpaka apasuke. Kiangazi kilichopita, binti mmoja wa jirani alishikwa na tumbo, na watu wakaanza tena wimbo wao: nani alikupikia? Nilisimama mlangoni na fimbo yangu hii ya kutembelea. Nikawaambia hakuna jina la mtu litakalotajwa hapa mpaka mgonjwa afike hospitali na aseme yote aliyomeza. Wakanitukana sana. Binti akapelekwa, akapona, na hakuna bibi wa mtu aliyefukuzwa.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe mgongo wa kubeba kazi yako na akili ya kuupumzisha. Akupe tumbo lenye amani na ulimi unaouliza kabla ya kushitaki. Na wote wanaokupikia, Mungu awazeeshe ndani ya nyumba zao, asiwepo hata mmoja wao atakayelazimika kujitetea mbele yako.

Amina.