Kadi ya Mashine ya Sweta

Beda hatembei, anajikokota. Mwite aje kwangu Katandala sasa hivi, atakunywa chai kwanza, atafunga kibanda chake cha sokoni, atasalimiana na kila mtu njiani mpaka ujute kumwita. Halafu mtu huyohuyo kazi yake ni kuzipa mwendo kompyuta za zamani. Nilikuwa namwambia, "Fundi, ungeanza na miguu yako." Anacheka tu.

Kwao ni kijijini, Mpui. Alikuja mjini kujifunza ufundi redio, akahamia kwenye kompyuta, na maofisi yalipoanza kutupa zile kubwa za zamani, yeye akawa anaziokota. Mkewe alimwambia achague: vikae ndani vyuma vile au akae yeye. Ndipo akapanga kibanda.

Mimi Fortunata, mama Lucia, nafuma masweta ya shule. Kwa baridi ya huku, mtoto asiye na sweta asubuhi ya Julai anatia huruma, kwa hiyo kazi sikosi. Mashine yangu niliinunua kwa masista walipofunga karakana yao. Inaongozwa na kompyuta kuukuu, na bila ile kadi ya ndani yenye prosesa, ule ubongo wake, haifumi hata kola. Kompyuta za siku hizi haielewani nazo kabisa. Kadi ikifa, mimi nimekwisha, na hofu hiyo nilikuwa nalala nayo.

Shida ilikuwa mwendo wake mzito. Memori ilikuwa ndogo, haibebi nembo yote ya shule, basi kila baada ya mistari michache inasimama kusoma diski, krr, krr, nami nimeshika kiuno. Sista Victoria, mkuu wa shule ya wasichana, alipoagiza masweta ya kidato kizima na la kwake, nikaona hapa nitaaibika. Nikamwita Beda.

Alichomoa kadi, akaitazama kama amekutana na mtu aliyesoma naye shule ya msingi.

"Mama Lucia, hii inapokea memori kubwa kuliko hii. Na prosesa yenye mwendo zaidi ninayo. Nimeitunza kwenye kopo miaka yote, nasubiri kadi inayoistahili."

"Na ukiiunguza?"

"Tutalia wote."

Jibu gani hilo, jamani. Nilikaa pembeni na rozari yangu huku yeye akichomoa chipu za zamani na kupachika zake.

Kompyuta iliwaka upesi, nembo ikaingia yote kwa mara moja. Kile kigari kinachopita juu ya sindano kikawa kinakwenda na kurudi bila kusimama. Beda akavimba kichwa. Nikafuma kipande cha mbele cha sweta la Sista mwenyewe. Kukitoa, nembo imepinda, msalaba umekatika mkono, mashimo kila mahali. Nikajaribu tena, vilevile. Nilimsema Beda kwa Kifipa chetu, maana Kiswahili hakikunitosha. Nikamwambia ameniulia mashine.

Alivuta kigoda, akaikodolea macho mashine ikifuma takataka yake mpaka chai niliyomwekea ikapoa.

"Kadi ni nzima," akasema mwishowe. "Inaamuru mstari mpya kabla kigari hakijafika mwisho. Zamani ilikuwa inahesabu polepole ndipo iamuru, na kigari kimeshafika. Sasa inahesabu haraka mno, na kigari ni kilekile."

Akachomoa prosesa yake aliyokuwa akijivunia, akairudisha kwenye kopo, akapachika ile ya zamani. Memori mpya aliiacha.

"Kasi yake ilikuwa inatosha, mama Lucia. Ilikosa tu mahali pa kuweka vitu."

Nikawasha. Sikusikia krr hata moja. Nembo ikashuka taratibu, msalaba na mikono yake yote miwili. Nilikaa sakafuni nikacheka huku nalia, nikamshika Beda miguu ileile ninayoitania. Nilikuwa nimepona. Masweta yaliisha kabla shule haijafunguliwa, na Sista hakujua lolote.

Kile kipande kilichoharibika alikiomba Beda. Nikakitilia mgongo na mikono, likawa sweta. Kipande kilikuwa cha kipimo cha Sista, naye ni mtu wa mwili, kwa hiyo linampwaya Beda, lakini analivaa kila siku pale kibandani, msalaba wa mkono mmoja uko kifuani.

Juzi nilimpelekea redio yangu. Nikamwambia, "Fundi, nina haraka."

Alinitunishia kifua niuone ule msalaba uliokatwa mkono na haraka, akaendelea kunywa chai.