Gemu ya marehemu mpwa wangu inanisubiri nichague afe yeye au nife mimi

Admin naomba ufiche jina langu, maana Mlandege nzima wananijua, na jina lenyewe ndilo lililonifanya niandike.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto, naishi hapa Iringa. Shule niliishia darasa la saba, lakini lori nimeliendesha mpaka Lubumbashi. Kule Ruaha simba aliwahi kulala katikati ya barabara, nikashuka nikamwambia, "Pisha." Akapisha. Tanboi wangu ni shahidi. Kwa hiyo msinione mwoga kwa haya nitakayosema.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anafanya kazi Mbeya. Alifariki kwa homa ya siku chache tu, kijana mzima kabisa. Tulipoanua tanga na kugawana vitu vyake, huyu alichukua godoro, yule mashati, ikabaki kamashine ka gemu ka kushika mkononi. Wakasema achukue mjomba, yeye ndiye anayejua mitambo. Nikakachukua.

Gemu yenyewe ni ya vita. Unawapanga askari kwenye viboksi kama vya drafti. Ukishasogeza wako wote unabonyeza, ndipo adui naye anasogeza wake. Usipobonyeza, adui anakungoja hata mwaka. Na askari akifa, amekufa. Inatokea sura yake, anasema neno la mwisho, jina linafutika. Mnaotaka kuniambia nizime niwashe, nimeshajaribu, inawaka pale pale ilipoishia.

Sasa marehemu aliwapa askari wale majina ya watu wake. Mwenyewe yumo, ni mpiga mishale. Mimi nimo, nina shoka, mkubwa kuliko wote, na hilo halikunishangaza. Hata mbwa wao Popi yumo, kapanda farasi.

Dada anakaa Kihesa. Siku nilipomwonyesha mwanawe anatembea ndani ya kioo, aligusa kile kioo kwa kidole, akalia. Tangu hapo kila Jumapili akitoka kanisani anapitia kwangu. Hata chai hajamiminiwa, anauliza, "Mdogo wangu, mwanangu ameamkaje?"

Namjibu, "Ameamka salama, dada."

Kisha Popi wa kwenye gemu akauawa. Nilicheka. Kesho yake dada akapiga simu, Popi mwenyewe amekutwa amekufa nyuma ya banda la kuku. Mke wangu akasema mbwa alikuwa mzee. Sawa, alikuwa mzee. Ila tangu siku ile yule askari mwenye jina langu namficha nyuma ya wenzake.

Jumapili iliyopita adui ametoa jitu lenye rungu, dada amekaa pembeni yangu, sifa zikanipanda kichwani. "Dada, tazama mwanao atakavyolilaza lile jitu!" Nikampeleka mbele peke yake. Mshale ukapiga, jitu halikuanguka.

"Mbona linamwangalia?" dada akauliza.

"Linamwogopa."

"Na mbona mwanangu amesimama peke yake?"

Nikasema chaji imeisha, nikakafunika kamashine kwa kitambaa.

Ukweli ni huu. Mpwa wangu amebakiza uhai kiduchu, rungu moja linamtosha. Wenzake wote nimeshawasogeza. Ambaye hajatembea ni mmoja tu, mimi. Kuna kiboksi kimoja kitupu kati yake na jitu, nimehesabu, nakifikia. Nikisimama pale rungu linanishukia mimi, na uhai wangu nao ni mdogo, maana kabla ya Popi kufa nilikuwa najipeleka mbele kila zamu. Sitapona. Ila yeye atapata nafasi ya kurudi nyuma.

Na kwetu jina si kitu cha kuchezea. Hili langu ni la babu. Nilipougua utotoni walilitaja wakamwaga pombe chini, nikainuka. Leo nilipeleke kwenye rungu kwa kidole changu mwenyewe?

Nikamweleza mke wangu nikijua atanihurumia. Aliacha kuchambua mboga, akanitazama.

"Baba nanihii, makaburini si ulipiga kelele mbele ya watu wote kwamba bora Mungu angekuchukua wewe amwache mtoto? Haya. Kiboksi hicho hapo."

Ni kweli nilisema. Nilisema kwa sauti mpaka wanaume wakanishika nisijitupe kaburini. Watu wakasifu, wakasema mjomba kama huyu hawajamwona. Na mimi nililia machozi ya kweli, jamani, sikuigiza. Lakini hakuna aliyekuwa ananipa nafasi wakati ule.

Kamashine kako kwenye chaji hapa mezani. Jitu limeshika rungu lake, kifua kinapanda kinashuka, halichoki kunisubiri. Mpwa wangu naye kalielekea, hageuki kuniangalia.

Ndugu zangu, mnaocheza gemu na msiocheza, msinicheke. Niambieni nimsogeze nani, maana dada anakuja Jumapili.