Historia Tuliyoiacha Nyuma

Dada aliyenifundisha kuandika programu alikuwa mtu wa Muheza. Tulikaa meza moja ofisini Chumbageni, tukijenga mfumo wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Kompyuta ilihifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake. Sababu zake aliziandika kwa Kiswahili kilichonyooka: "Nimerekebisha hapa. Mfumo ulikuwa unawakataa watu wenye ng' kwenye majina yao." Saratani ilipomlaza, aliendelea kututumia marekebisho akiwa kitandani, hadi alipofariki.

Mwaka uliofuata kampuni ilinunua zana mpya za kusimamia programu, nikapewa kazi ya kuhamisha kila kitu. Nilimweleza meneja kwamba kuhamisha programu pamoja na historia ya mabadiliko yake kungehitaji wiki moja zaidi.

"Historia ya nini?" akaniuliza. "Chukua programu kama ilivyo leo. Jumatatu tunawaonyesha wakubwa."

Ningeweza kubisha, lakini sikubisha. Nilihamisha, na hifadhi ya zamani ikafutwa. Zana mpya ziliandika jina la aliyehamisha tu; tangu siku hiyo kila mstari wa yule dada unaonekana nimeuandika mimi, mistari yote kwa asubuhi moja.

Mwezi uliopita binti mgeni kazini aliniita mezani kwake.

"Kaka, hii sehemu ya kupanga zamu umeiandika vizuri mno. Nani alikufundisha?"

Nililiona jina langu pale kwenye kioo cha kompyuta, mahali palipokuwa na jina la yule dada.

"Nilijifunza mwenyewe," nikamjibu, nikarudi kukaa.