Cheo Nilichopewa Langoni Mbale

Aibu hii nilitaka kwenda nayo kaburini, lakini kwa kuwa huko Bugembe imeshasimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, heri muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Bungoma, na miguu yangu haijawahi kutulia: nimekaa Nakuru, nimekaa Eldoret (ile baridi ya asubuhi na chai ya maziwa naikumbuka mpaka leo), na sasa naziba pancha za malori pale Bugembe, kando ya mji wa Jinja, Uganda. Kwa watu wa Jinja Kiswahili ni lugha ya wanajeshi, wakikisikia kimenyooka mawazo yao yanakwenda jeshini moja kwa moja, na kwa vile nimepanga chumba Kimaka, wanakosomea maofisa wa jeshi, wengi huniita afande. Sikuwahi kuwakataza. Nani anakataa cheo cha bure?

Sasa binti yangu Nekesa, anayeishi na mama yake Bungoma, aliomba nafasi ya udaktari katika chuo kimoja cha Mbale akakosa, na mwaka uliofuata akaomba tena, kama mwanafunzi wa kigeni. Alipoitwa kwenye usaili nikamsindikiza, nimevaa kaunda suti ya kaki na miwani nyeusi (jua halikuwa kali, lakini nilikuwa na sababu zangu). Langoni foleni ya wazazi ilikuwa imezunguka ukuta, Nekesa akasema tusimame nyuma kama wengine, nami badala ya kumsikiliza nikamwendea askari na kumwambia kwa sauti nzito, "Habari za kazi, kijana? Huyu ana usaili."

Askari akakaza mgongo. "Ndiyo, afande. Pita hapa. Hawa raia ngoja tu."

Nekesa akaingizwa ndani, mimi nikaletewa kiti, kisha chai, kisha (hapo ndipo nilipaswa kukimbia) walinzi wote wakapangwa mstari niwape mawaidha, nami nikawapa, nikasifia viatu, nikagusia nidhamu, na mmoja aliyeacha kifungo wazi nikamkemea.

Nikiwa bado kwenye nidhamu, Nekesa akatoka ofisini, nyuma yake mama mrefu asiyecheka, mwenyekiti wa usaili. Kumbe sifa zangu zilimtangulia binti yangu hadi chumba cha usaili: kama baba ni ofisa wa jeshi la Uganda, mama huyo alitaka kujua, mbona mtoto anaomba kama Mkenya? Na kama amedanganya uraia, jina lake linakatwa leo hii.

"Afande," akaniambia, "uko kikosi gani?"

Nekesa hakulia. Aliniangalia tu. "Baba, waambie unafanya kazi gani."

Nikavua miwani. "Naziba pancha Bugembe. Mimi ni Mkenya, na bunduki sijawahi kushika."

Walinzi wakalegea mmoja mmoja, na yule wa kifungo akaja kuchukua kiti chake.

"Binti, rudi ndani," mama akasema. "Wewe mzee, rudi kwenye foleni."

Nekesa alipata nafasi, lakini wenzake wanamwita Binti Afande, na naogopa hata wagonjwa watamwita hivyo. Mimi nimeapa kwamba cheo nisichokitolea jasho sikiitikii tena, na nikienda kumtembelea nasimama nyuma kabisa, najieleza kwa Kiganda changu kibovu. Haisaidii. Yule wa kifungo huniacha mpaka foleni yote iishe, halafu ananiuliza kwa Kiswahili, bila kucheka, "Afande, leo umekuja na jeki?"