Uso wa Mtu wa Mlangoni

Wanafunzi walimwita Mama Katuni, na jina likamkaa. Miaka tisa alifundisha historia darasa zima likisinzia, hata siku ya kueleza jinsi wanajeshi, miaka arobaini nyuma, walivyowaita watu kwa majina na kuwaua nyuma ya shule hiyohiyo. Ndipo akaamua kuyachora yote yawe kitabu cha katuni. Usingizi ukaisha.

Ila hakuweza kuchora mtu kutoka kichwani; sharti mtu amsimamie mbele yake ili amchore. Wanafunzi walishasimama ukutani, dada yake akapiga magoti, na mumewe, maskini, alishakufa mara tano sebuleni, kila mara akiamka na kuuliza chai iko wapi. Wauaji nao aliwapa sura. "Mkiona mtu hana uso mtadhani ni jini," aliwaambia wanafunzi. "Hawa walikuwa watu."

Ulibaki ukurasa wa mtu wa mlangoni, aliyesoma orodha ya majina mlangoni mwa shule. Alimwomba baba yake, karani mstaafu aliyeishi nao, akamshikisha daftari kuukuu mkono wa kulia. Mzee akalihamishia kushoto.

"Kulia kulikuwa na kalamu," alisema. "Kila akitoka mmoja, unatia alama."

Akaweka penseli chini. "Nani alikuambia, baba?"

Mzee aliliangalia daftari. "Chora, mwanangu. Mguu unaniuma."

Alichora viatu, suruali, mkono wa kushoto, kalamu. Alipofika shingoni akakwama. Wiki mbili sasa yeye na mzee wanakula meza moja, anampitishia chumvi, anamtengea maji ya kuoga, na hamuulizi tena. Akiuchora uso ule, amemuuza baba yake. Asipouchora, amewauza wanafunzi. Alimchukia mzee, na alimpenda vilevile, na nyumba haikuwa na chumba cha kukimbilia.

Darasani hawakukawia kugundua. "Mwalimu, mbona huyu hana uso?"

"Sijapata wa kunisimamia."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza ndani ya chumba kile, na ulitoka kirahisi mno.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Babu yake alikuwa wa nne kwenye orodha ile; msichana huyo ndiye aliyeleta picha ya zamani ya babu ili achorwe.

"Mwalimu, si yupo yule baba yako anayekuletea miwani?" alisema. "Mwombe yeye. Mpole yule, hatakataa."